Upande wa Chini wa Sakafu

Tarehe 3 Februari

Shemeji Msumari,

Natumai hamjambo, na mama mkwe hajambo. Mimi nipo.

Nakuandikia kwa sababu simu sitaki. Tangu ile uliyonipigia siku ile, nikisikia simu inalia, hata ya mtu dukani, mikono inaniganda. Yangu nimeizima nikaitia ndani ya soksi. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kubeba barua, mpokee stendi.

Jana Daktari wa meno alikuja hapa kwa dada. Alikaa ukingoni mwa kochi, kofia imewekwa magotini, chai hakuinywa. Anastaafu, anafunga kliniki na kuhamia kwa binti yake, na lile gari lake jeupe la zamani anataka lipelekwe huko tarehe 21 Aprili. Ndiyo, lile lile lililombana kaka yako ukutani sakafu ilipovunjika. Miezi mitano hajaliwasha. Anasema kama silibebi mimi, hampi mtu mwingine, ataliacha lioze. Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa.

Kwa hiyo trela la kaka yako nalihitaji. Leseni ya kukokota ninayo, wateja wote ninao kwenye daftari, maana miaka kumi na mmoja safari zake za kubeba magari nilizipanga mimi. Hapa nakunja mashuka ya hospitali kwenye kiwanda cha kufulia, mia tatu kwa siku, nimesimama. Dada ni mwema lakini chumba ninacholala ni cha watoto wake. Trela likifanya kazi nitaondoka hapa. Lisipofanya, nitabaki kwenye ile meza.

Nieleze sakafu ipi ni ya bei nafuu na inadumu. Linaingia gari zima mle, uzito wake unaujua. Sina uwezo wa kuitengeneza mara mbili.

Shemeji yako.


Tarehe 9 Februari

Kwako Shem wangu,

Barua imefika ikinuka vitunguu, maana kondakta aliisafirisha ndani ya mzigo wake, lakini imefika. Sisi wazima. Mama anakusalimu, goti lake bado linatabiri mvua na bado linakosea. Mimi nakonda tu, jina langu linazidi kunistahili.

Niseme ukweli, nilipouona mwandiko wako nikajua umeniandikia kunisema. Kumbe sakafu! Hapo umenigusa panapowasha, kaa kitako.

Kuna watu watakwambia weka bati la alumini lenye vinundu. Zuri, halili kutu, linang'aa kama kliniki ya Daktari wako, lakini bei yake ukiisikia utatafuta pa kuegemea. Bati la chuma ni rahisi kidogo, ila ni zito, utakuwa unabeba sakafu badala ya gari, na lisipotunzwa litakuachia kutu. Mbao ngumu za kupanga zinadumu kweli, lakini zina nafasi katikati na zinajikunja zikiona jua. Kisha kuna plaiwudi ya kawaida, ya kutengenezea makabati, hiyo usiiguse hata kama muuzaji ni mjomba wako. Gundi yake ikionja maji inaachia, na mbao inafunguka kurasa kurasa.

Mimi ningekwambia plaiwudi ya marini, ile ya kustahimili maji, milimita kumi na nane, kama zile ulizonunua wewe safari ile. Bei ya katikati, kazi ya miaka. Inafungwa kwa bolti kwenye mihimili ya chuma, inapakwa rangi, basi. Nilivyoiweka ile ya kwanza miaka miwili iliyopita, kaka alizunguka juu yake akikanyaga kwa kisigino kama askari wa gwaride. Aliipenda.

Trela lenyewe liko pembeni mwa karakana chini ya turubai, pale walipolileta. Sijafungua mlango. Nimekuwa na kazi nyingi, unajua tena, vitanda vya bweni na nini. Nipe siku chache.

Wako mtiifu asiyenenepa,
Msumari.


Tarehe 15 Februari

Shemeji,

Asante kwa maelezo. Tuchukue marini basi. Nimeuliza bei hapa, nikitoa akiba yangu ya mshahara wa miezi miwili nitaweza, na dada ataniongeza kidogo.

Jambo moja. Ile ya zamani usiing'oe. Paweke kipande cha chuma pale palipovunjika, halafu laza mpya juu yake. Itaokoa muda, na bolti za zamani zimeshika kutu, utahangaika nazo bure. Sakafu mbili ni imara kuliko moja. Nimelifikiria sana, naomba lifanyike hivyo.

Na zulia la mpira lililo juu, liache humo humo, liwe katikati.

Hapa hakuna jipya. Mashine ya kukausha imeharibika, tunaanika nje. Nakula, nalala.

Shemeji yako.


Tarehe 21 Februari

Kwako Shem,

Umesema la maana sana! Hata mimi ndiyo nilikuwa naliwaza hilo hilo, nikaogopa kukushauri usije ukaniona mvivu. Kung'oa ya zamani ni kujitafutia maumivu ya mgongo. Na chini hakuna haja kabisa ya mtu kuingia, chini ni chuma tu na vumbi, kuna nini cha kuangalia? Tulaze juu. Uzito utaongezeka kidogo lakini pikapu yako inaweza. Wazo lako limenipunguzia mzigo, wallahi.

Jana nilijikaza nikafungua mlango. Niliushusha taratibu mpaka ukagusa ardhi, nikakaa juu yake kwanza nikavuta pumzi. Mle ndani kunanuka unyevu, nadhani kwa sababu lilifungwa siku nyingi. Tundu liko mbele kushoto, ukubwa wa sinia. Ukuta pale mbele umebonyea. Sitaeleza zaidi, wewe mwenyewe uliuona.

Koti lake la kazi limening'inia kwenye ndoano, na mfukoni kuna penseli. Nilete? Nimpe mama? Sijaligusa.

Plaiwudi zikifika nitafanya kazi siku mbili. Tarehe 14 Machi tutajaribu. Nimeongea na jirani yangu muuza mchanga, atapandisha pikapu yake ikiwa imejaa, mimi nitasimama ndani mbele nikimwelekeza. Ikikubali mchanga, itakubali gari la Daktari. Isipokubali, mtapunguza mdomo mmoja wa kulisha.

Natania, usinune.

Msumari.


Tarehe 27 Februari

Shemeji,

Koti liache kwenye ndoano.

Mpangaji wa nyumba yetu ameandika kulalamikia geti. Anasema upande mmoja una rangi ya kijani na mwingine umeachwa na kutu, wageni wake wanauliza. Nimemjibu alivumilie. Kaka yako alilianza akaliacha nusu, akasema rangi imeisha. Nilimpigia kelele mwezi mzima kwa ajili ya geti lile. Sasa naona ni geti tu.

Juzi nilikuwa napiga pasi, nikaegemeza mkono kwenye chuma cha moto. Aliyenishtua ni dada, alisikia harufu. Mimi sikuhisi. Nimefungwa bandeji. Nimewaza kwamba Daktari akitaka kuning'oa jino hatahitaji sindano.

Plaiwudi nimelipia jana, muuzaji atazileta kwako tarehe 8.

Umesema wewe utasimama mbele siku ya kujaribu. Jaribu, lakini kwenye kazi sitaajiri mtu. Nitakuwa nasimama mwenyewe mbele na kufunga mikanda mwenyewe, pale pale. Daktari ataendesha, kama siku ile. Nimeshamwambia.

Shemeji yako.


Tarehe 6 Machi

Shem,

Leo sina utani. Naomba usome hadi mwisho kabla hujaichana.

Ile sakafu ya kwanza sikuipaka rangi upande wa chini.

Kazi inavyotakiwa, unapaka juu, unasubiri siku nzima, unageuza, unapaka chini, unasubiri tena, na kingo zote unazinywesha rangi mpaka zikatae. Kaka alikuwa na safari kesho yake asubuhi na mimi nilikuwa nimechelewa kwa siku mbili, nilikuwa kwenye kazi ya mtu mwingine nikamdanganya naumwa. Basi nikapaka juu mara tatu, pakang'aa, nikafunga bolti jioni ile ile. Alikuja na tochi mkononi. Akaniuliza, "Chini umepaka?" Nikasema, "Nimepaka, kaka, mara mbili." Akanigonga begani, akaniambia asante.

Maji ya barabarani yote yanarukia chini, Shem. Mbao isiyopakwa inakunywa. Hata iwe marini, ukiiacha uchi namna ile miaka miwili, inachoka. Tangu siku ile nalijua hilo. Nilibeba jeneza nikilijua. Mama akinishika mkono kunifariji, nalijua.

Uliposema tusing'oe nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nikasema Mungu amenifichia. Lakini mpya ikilazwa juu ya iliyooza, hizo bolti zitakuwa zimeshika uji. Itavunjika. Mimi ikinivunjikia ni haki yangu, nilikuwa tayari hata kwa hilo, sitakuficha. Ila sasa unasema utasimama wewe pale. Siwezi kukusimamisha juu ya uongo wangu.

Nitang'oa yote. Kama hutaki niguse tena kitu chako, niambie, nitakutafutia fundi mwingine na nitamlipa mimi.

Mdogo wa marehemu.


Tarehe 6 Machi

Shemeji,

Natuma hii kwa basi la mchana kwa sababu la asubuhi limenipita. Kondakta wa mchana simjui. Ikikufikia kabla ya tarehe 14, usisimame ndani ya lile trela. Mwambie muuza mchanga aende nyumbani kwake.

Zile mbao za kwanza hazikuwa marini.

Kaka yako aliniagiza marini, akaniandikia kwenye karatasi. Dukani muuzaji akaniambia za kawaida zina gundi ile ile, tofauti ni jina tu. Nilijua si kweli. Nilikuwa naangalia zulia la mpira lililokuwa limesimama pale pembeni, jeusi, zito, na nikaona nikichukua za kawaida nitalipata na zulia. Alikuwa anateleza mle ndani viatu vikiwa na mafuta, alishaanguka mara mbili. Nikadhani namfanyia jambo zuri. Nikazigeuza mbao uso chini kwenye gari ili muhuri usionekane, ule unaosema ni za matumizi ya ndani ya nyumba. Wewe ulizifunga hivyo hivyo, maana ulikuwa na haraka. Zulia alilifurahia. Aliligundisha mwenyewe, ukuta kwa ukuta, halafu akaniita nikaone.

Nilisema usiing'oe ili usiuone muhuri. Hakuna sababu nyingine. Bolti sikuwa nazijali.

Niliandika barua ile tarehe 15, nikalala vizuri. Juzi ndiyo nimeamka nikakuona akilini wewe umesimama mbele na pikapu ya mchanga inakuja. Sikulia wala nini. Nilikaa tu kitandani nikahesabu siku za basi.

Sasa unajua. Mwambie mama mkwe mwenyewe, au niambie nimwambie mimi.

Shemeji yako.


Tarehe 13 Machi

Shem,

Barua zetu zimepishana njiani. Nadhani hao makonda wawili walipungiana mkono. Yako imenifikia tarehe 9, na sikukusubiri ujibu yangu, nimeshang'oa.

Nilikata lile zulia kwa kisu. Lilikuwa limeshikwa na gundi pande zote nne, hakuna hata tone lililoweza kutoka. Unakumbuka alivyokuwa akiliosha gari la mteja ndani ya trela, milango imefungwa, ili likishushwa mwenyewe aone linameta? Maji yale yote yalikuwa yanapita kwenye matundu ya pete za kufungia mikanda, yanakaa chini ya mpira. Chini ya zulia mbao ilikuwa nyeusi, laini, naweza kuichota kwa kijiko. Kwa hiyo kulikuwa na wewe, kulikuwa na mimi, na kulikuwa na yeye mwenyewe na ndoo yake. Nilidhani habari inaishia hapo.

Halafu nikaligeuza lile bao la nyuma.

Shem, chini limepakwa. Si mimi. Ni rangi ya kijani. Imepakwa na mtu aliyelala chali, maana imemwagika kuelekea pembeni na alama za brashi zinakwenda kila upande, kama mtoto alivyochora. Mihimili ya chuma nayo imechafuka kijani. Niliketi nikaiangalia nikijiuliza nimeona wapi kijani hii, ndipo nikakumbuka geti lako.

Nilikwenda kuliangalia lile koti. Mkono wa kulia, kwenye kiwiko na mgongoni, kuna matone. Sote tuliyaona matone yale tukajua alikuwa anapaka geti.

Aliingia chini na ile tochi. Sijui siku gani, lakini aliingia, akaona sijapaka. Na akauona muhuri wako. Najua aliuona, kwa sababu hapo kwenye muhuri amepaka mara tatu au nne, rangi imekuwa nene kuliko mahali pengine popote, mpaka maneno yanasomeka kwa kupapasa tu. Alikuwa anakuficha wewe nisije nikakuona mimi. Na mimi hakuwahi kuniuliza tena. Wiki ile ya geti alinigonga begani mbele ya mafundi wenzangu, akawaambia huyu ndiye aliyeniwekea sakafu.

Alianzia nyuma akaja mbele. Urefu wa mkono mmoja kabla ya ukuta wa mbele, brashi ikaanza kukwaruza, kisha hakuna kitu. Tundu liko hapo. Alikuwa na kopo moja tu.

Nimemwambia mama yote. Akasema nimletee lile koti. Nilimwambia umesema liachwe kwenye ndoano. Akasema basi.

Mbao mpya ziko ndani, zimesimama wima, sijazigusa. Nangoja neno lako.

Msumari.


Tarehe 20 Machi

Shemeji,

Nimeisoma nikiwa kazini, nimesimama, halafu nikakunja mashuka mengine arobaini.

Nina hasira naye. Ndicho kitu cha kwanza kuhisi tangu siku ile, na nakwambia wewe kwa sababu hapa watashtuka. Alilala chini ya trela akaona kila kitu, akatoka, akanawa mikono, akaja kula. Nikamgombeza kwa ajili ya geti. Nikamwambia yeye ni mtu wa kuanza vitu na kuviacha njiani. Alikuwa anatafuna. Akasema, "Rangi imeisha, mama." Angesema neno moja tu. Tungenuniana wiki mbili na angekuwa hai.

Na nimepiga hesabu ambayo wewe umeizunguka kwa upole. Rangi aliyoimwaga kwenye muhuri wangu ndiyo iliyopungua mbele.

Wewe sikusamehe leo, na mimi sijisamehe, na yeye pia bado. Lakini sakafu inahitajika tarehe 21 Aprili, kwa hiyo andika.

Marini, bolti mpya, mihimili ikwanguliwe kutu. Rangi pande zote mbili na kingo zote. Juu changanya mchanga laini kwenye rangi ya mwisho ili mguu usiteleze. Toboa matundu mawili ya maji kila kona na kingo zake zipakwe pia. Gundi hapana. Zulia hapana, wala kipande. Nataka nikiingia niuone ubao wenyewe, na ukianza kubadilika nijue siku hiyo hiyo. Na gari halioshwi tena ndani. Mteja apokee vumbi lake.

Upande wa chini utapakwa na mimi. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 4 Aprili nikae siku tatu. Usianze bila mimi.

Geti usiliguse.

Shemeji yako.


Tarehe 9 Aprili

Kwako Shem,

Umefika salama? Mama anauliza kama ulikula njiani.

Jana nimefunga bolti ya mwisho. Nimeingia chini na tochi, nikalala pale pale alipolala. Mkono wako ni mzuri kuliko wangu na wa kaka, ila kuna mahali karibu na gurudumu umeacha unywele wako mmoja ndani ya rangi. Nimeuacha.

Nilitaka kukwambia hili ulipokuwa hapa, ila siku tatu zile tulikuwa tunaongea brashi na tapentaini tu. Ulipomaliza bao la kwanza ulinipa tochi ukaniambia, "Angalia." Nikasema hakuna haja, nimekuona ukipaka. Ukaniambia, "Angalia hata hivyo." Nikaangalia. Kisha wewe ukaangalia la kwangu. Sijawahi kukaguliwa na kushukuru kiasi kile.

Muuza mchanga alikuja leo. Nilisimama mbele. Pikapu imejaa mpaka inachuchumaa. Sakafu imekaa kimya. Mama alikuwa amesimama nje na goti lake, akatuambia tutoke sasa, inatosha.

Koti liko kwenye ndoano. Penseli nimeiazima, nitairudisha.

Msumari.


Tarehe 22 Aprili

Shemeji,

Tumefika jana jioni. Gari la Daktari limeshuka salama, likiwa na vumbi lake.

Nakueleza ilivyokuwa kwa sababu hukuwepo, na mwingine wa kumweleza sina.

Asubuhi alitoka amevaa tai. Alikaa kwenye usukani akashindwa kuwasha. Funguo alizishika tu mkononi. Nilimwambia Daktari, mimi naingia, ukiwa tayari uje. Nikaingia nikasimama mbele kushoto, mgongo ukutani. Ulilinyoosha lile bonde, lakini mgongo unalisikia. Koti lilikuwa kando ya bega langu. Nikainua mikono, nikamwita, njoo. Njoo. Njoo. Akaja polepole, taa zinanitazama. Gurudumu la kushoto likapanda pale. Nikasema simama, akasimama.

Sakafu haikufanya chochote. Niliingoja ifanye kitu. Nilikuwa nimeutayarisha mwili wangu wote, kumbe nimeutayarisha tangu mwaka jana, na haikufanya chochote. Ilikaa tu kama sakafu.

Basi nikakaa chini kwenye mbao na sauti ikanitoka. Sikulia kaburini, shemeji, walinisema na wewe ulisikia. Jana nililia mpaka nikaona rangi ikilowa, na kiganja kikaanza kuniuma pale nilipoungua mwezi wa pili, mchanga wa ile rangi ulikuwa unanichoma. Nilimwita mume wangu kwa jina. Nilimwambia angeniambia tu.

Daktari aliruka kutoka garini akapiga magoti, na tai yake, anaipapasa miguu yangu kuanzia chini, analia na yeye, ananiuliza imebanwa wapi. Nikamwambia haijabanwa popote, Daktari. Aliendelea kupapasa. Nikamwacha amalize, maana alihitaji kuihakikisha yote miwili.

Kisha tukafunga mikanda, yeye upande wake na mimi wangu, na kabla ya kuondoka niliingia chini na tochi.

Simu nimeitoa kwenye soksi. Iko mezani, imewashwa. Ukipiga, piga mchana.

Mke wa kaka yako.